Nilikata rufaa Minnesota: nilichoshinda, nilicholipa, na meseji ya Kiswahili ambayo majaji hawakuiona

Mfagiaji_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jukwaani.

Kila baada ya muda anaingia mtu humu na kuandika: "Nimeshindwa kesi Marekani, nakata rufaa, huko juu nitawaeleza ukweli wote." Nikisoma hivyo roho inaniuma, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2023, nikiwa kwenye ngazi za mahakama na bahasha mkononi. Yalinigharimu. Uzi ni mrefu, mwenye chai aiweke karibu.

Mimi si mwanasheria. Nafanya usafi wa maofisi usiku, Minnesota, huu mwaka wa kumi na moja. Tulifungua kakampuni na jamaa mmoja tuliyetoka naye mkoa mmoja. Simtaji, wala kaunti siitaji, huku tunajuana. Tukakorofishana juu ya mkataba na mashine za kusafishia kapeti, akanishtaki. Kesi ya madai, siku mbili, jaji peke yake bila juri, yaani wale wananchi wanaochaguliwa kuamua kesi. Nikaamriwa nimlipe dola 41,600.

Sasa tuelewane jinsi ngazi zilivyo. Kila jimbo la Marekani lina mahakama zake, na mambo mengi ya maisha ya kawaida yanaishia humo: talaka, watoto, mkataba, ajali, pango la nyumba, wizi, hata mauaji. Mahakama za shirikisho ni mlango mwingine. Minnesota ina ngazi tatu. Chini kuna Mahakama ya Wilaya, inayokaa katika kaunti zote 87. Katikati kuna Mahakama ya Rufaa, ambayo ni changa kuliko wengi wetu humu, ilianza kazi 1983. Ina majaji 19 na kila kesi husikilizwa na jopo la watatu. Juu kabisa kuna Mahakama ya Juu yenye majaji saba.

Ukihama jimbo, usiende na majina haya kichwani. New York ile inayoitwa Mahakama ya Juu ndiyo inayosikiliza mashahidi huko chini, na ya mwisho kabisa inaitwa Mahakama ya Rufaa. Maryland nao walikuwa hivyo hivyo kwa mahakama yao ya mwisho, wakabadilisha jina Desemba 2022 kwa sababu watu walichoka kuchanganyikiwa. Vermont na Wyoming hawana hata hiyo ya katikati, ukitoka chini unakwenda moja kwa moja juu.

Turudi kwangu. Siku ya kusikilizwa rufaa nilivaa suti. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, nimeandika hata kikaratasi cha mambo ya kuwaambia. Ule ukumbi hauna kizimba cha shahidi. Nilizungusha macho kukitafuta, hakipo. Kuna meza ya majaji watatu, kuna mimbari ya wakili, basi. Nikakaa viti vya nyuma kama mgeni harusini. Wakili wangu hakumaliza hata sentensi yake ya pili, jaji wa katikati akamkatiza: "Wakili, hilo liko ukurasa gani wa mwenendo?" Mwenendo ni kumbukumbu iliyochapwa ya yote yaliyosemwa kule chini. Kuanzia hapo ni ukurasa gani, kielelezo kipi, pingamizi lilitolewa wapi. Baada ya dakika chache kwa kila upande, wakainuka. Jina langu halikutajwa, nilikuwa "mrufani".

Kikaratasi changu bado kiko mfuko wa ile suti.

Kilichonimaliza mimi kilitokea huko chini, ukurasa wa 214 wa mwenendo wa kesi. Nimeukariri. Natafsiri, shahidi ni mimi:

WAKILI: Jioni hiyo mwenzako alikuandikia nini?
SHAHIDI: Iko hapa kwenye simu, naweza kuisoma.
WAKILI WA MDAI: Pingamizi. Iko kwa lugha ya kigeni, haina tafsiri iliyothibitishwa, na hatukuoneshwa kabla ya leo.
MAHAKAMA: Pingamizi limekubaliwa. Endelea, wakili.
WAKILI: Naendelea, Mheshimiwa.

Ile meseji ya WhatsApp ilisema: "Sawa ndugu yangu, ile mashine ya pili nimeichukua mimi, wewe usiilipie." Kesi nzima ilikuwa humo. Lakini wakili wangu aliposema "naendelea", meseji ikazikwa. Angeomba iingizwe kwenye kumbukumbu japo imekataliwa, ili walio juu waone ni kitu gani kilichokataliwa, wangekuwa na cha kupima. Hakuomba. Nikapata tafsiri iliyothibitishwa baadaye, nikailipia, tukaibandika nyuma ya hoja zetu za rufaa. Upande wa pili ukaandika barua ya ukurasa mmoja kuomba iondolewe, ikaondolewa. Mahakama ya rufaa inasoma kilichokuwa mbele ya jaji wa chini tu. Kama hakikuwepo kule, hata kiwe cha kweli kama jua, hakiwahusu.

Naomba kupumua, nitarudi na suala la siku na hela.

---

Mzee Kobe

Natia nanga hapa.

---

Bwana Ngano

Mkuu shusha nondo, tuko pamoja. Ila hiyo ya suti umeniua.

---

Wakili_Mtoro (Dar)

Mleta uzi, ahsante. Niongezee kitu kinachoeleza kwa nini Watanzania na Wakenya wengi huingia mtego huo. Sisi tumelelewa tofauti. Kwetu rufaa ya kwanza inahesabiwa kama kusikilizwa upya kwa shauri: mahakama ya rufaa ina wajibu wa kuupima ushahidi wote tena na kufikia maamuzi yake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliyasema hayo katika kesi ya Selle ya mwaka 1968, na mawakili wa pande zote mbili za mpaka bado wanainukuu hadi leo. Ni rufaa ya pili ndiyo inayobanwa kwenye hoja za kisheria.

Kwa hiyo mtu wetu akisikia "rufaa" anaona picha ya meza kupanguliwa na kupangwa upya. Mmarekani akisikia neno hilo hilo anaona mkaguzi anayekuja kuangalia kama fundi alifuata ramani.

---

Mfagiaji_Usiku

Wakili, hapo umenifumbua. Hakuna aliyewahi kuniambia, na wakili wangu wa huku asingejua kwamba nina picha nyingine kichwani.

Haya, siku. Minnesota kesi ya madai una siku 60. Zinaanza pale hukumu inapoingizwa kwenye daftari la mahakama. Usihesabu tangu uliposikia, wala tangu wakili alipokupigia, wala tangu ulipoacha kulia. Yangu iliingizwa 6 Machi 2023. Siku ya mwisho ilikuwa 5 Mei. Mimi niliwasilisha notisi ya rufaa 1 Mei, nikiwa tayari nimepoteza wiki tatu nikimtafuta jamaa wa kunikopesha. Kama ni amri badala ya hukumu, hesabu huanza pale upande wa pili unapokupa taarifa rasmi kwamba imetolewa. Jinai kosa kubwa ni siku 90.

Na hapa hakuna ile lugha yetu ya kuomba kuongezewa muda kwa "sababu za msingi", nilikuwa safarini, nilifiwa. Kwenye madai ukipitisha siku 60, mlango umefungwa. Majaji hawakatai kwa ubaya, wanasema hawana mamlaka ya kukusikiliza.

Baada ya notisi unaagiza mwenendo wa kesi uchapwe. Yule dada aliyekaa mbele ya jaji akibonyeza kimashine siku zote mbili, ndiye anayegeuza vile vibonyezo kuwa kurasa, na unamlipa kwa ukurasa. Zangu zilikuwa 380. Ukishaupata, siku 30 za kuandika hoja zako, wenzako nao siku 30 za kujibu, wewe unajibu jibu lao. Hoja zina kikomo, maneno 14,000. Wakili wangu wa rufaa (nilibadilisha) alitumia kama elfu saba, nikamgombeza kwamba hela yangu haijaisha. Akanijibu kwamba majaji nao ni binadamu, wanasoma usiku.

Kusikilizwa ilikuwa Januari 2024. Sheria inawapa siku 90 kutoa uamuzi. Mahakama ile hutoa hukumu Jumatatu, kwa hiyo kuanzia Januari kila Jumatatu nilikuwa nikitoka kazini alfajiri silali, nakaa na simu. Ikatoka 25 Machi.

---

dada_wa_Dallas

Boss, hapa Texas kaa chonjo zaidi, ni siku 30 pekee kutoka hukumu isainiwe. Zinakuwa 90 ukiweka ombi la kesi kusikilizwa upya mapema. Na sisi tuko na mahakama mbili za juu kabisa, moja ya madai, nyingine ya jinai. Nilikuwa sijui, nikawa nauliza karani wa ile ya madai mambo ya jinai, akaniangalia tu.

Swali langu: mtoto wa dadangu alikiri kosa mwaka jana, wakili wa serikali akamwambia akikiri hatafungwa, atakuwa chini ya uangalizi. Sasa anaambiwa greencard yake iko hatarini. Rufaa inasaidia?

---

Mfagiaji_Usiku

Dada, hapo nitatembea taratibu maana si njia niliyopita. Ninachojua ni kwamba mtu akikiri kwa makubaliano, kwa sehemu kubwa ameuza haki yake ya rufaa humo humo ndani ya makubaliano. Huko kwenu hubaki na vitu vichache, kama ombi la maandishi lililokataliwa kabla, au jaji mwenyewe akupe ruhusa. Ngoja Wakili aje.

---

Wakili_Mtoro

Dada, mueleze kijana atafute wakili anayejua jinai na uhamiaji kwa pamoja, leo na si kesho. Kuna kesi inaitwa Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua Machi 2010. Padilla alikuwa mkazi halali aliyezaliwa Honduras, akakiri kosa kwa sababu wakili wake alimwambia asiwe na hofu ya kufukuzwa nchini. Mahakama ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja wake kama kukiri kunaleta hatari hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mpwa wako ni: wakili wake alimwambia nini kuhusu uhamiaji kabla hajakiri?

Lakini mlango wa hoja hiyo mara nyingi si rufaa ya kawaida. Rufaa husoma mwenendo, na maneno ambayo wakili alimnong'oneza mteja koridoni hayamo kwenye mwenendo. Unaomba nafuu baada ya kutiwa hatiani, katika mahakama ile ile ya chini, ambako unaweza kuleta viapo na ushahidi mpya. Na yote hayo hayahusiani na jaji wa uhamiaji. Yule yuko chini ya Wizara ya Sheria ya serikali kuu na ana bodi yake ya rufaa. Watu wanachanganya hizi mbili wanapeleka makaratasi siko.

---

dada_wa_Dallas

Asante sana Wakili. Nimempigia, hata hakumbuki kama aliulizwa ni raia wa wapi.

---

Kipara_Ngoto

Mimi nauliza, maskini anakata vipi rufaa? Hiyo kuchapa tu kurasa 380 ni hela ya kujenga chumba na sebule Tandahimba.

---

Mfagiaji_Usiku

Kipara, kwenye jinai kuna unafuu wenye historia. Mwaka 1956, katika kesi ya Griffin dhidi ya Illinois, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jimbo haliwezi kumnyima mtu rufaa kwa sababu tu hana hela ya kulipia mwenendo wa kesi. Halafu 18 Machi 1963 wakatoa hukumu mbili siku moja. Gideon ndiyo maarufu, wakili wa bure kwenye kesi yenyewe. Ile nyingine, Douglas dhidi ya California, watu wanaisahau: wakili wa bure kwenye rufaa ya kwanza. Kichekesho ni kwamba mahakama hiyo hiyo ilishasema mwaka 1894 kwamba katiba haimpi mtu haki ya kukata rufaa. Jimbo likiamua kuweka rufaa ndiyo linabanwa kuiweka kwa haki. Minnesota kuna ofisi ya mawakili wa umma wanaofanya rufaa tu.

Kwenye madai, jipange mwenyewe. Unaweza kuomba kusamehewa ada ukionesha huna kipato, mimi nilikuwa nazidi kidogo. Pale St. Paul, jengo la mahakama karibu na bunge la jimbo, kuna Maktaba ya Sheria ya Jimbo na wanaendesha kliniki ya wanaojitetea wenyewe kwenye rufaa. Wakili wa kujitolea anakaa na wewe bure. Nilikwenda. Yule mama alisoma hukumu yangu, akavua miwani, akaniuliza swali moja: "Unasema jaji alikosea nini, sheria au wewe humpendi?"

---

Bwana Ngano

Hahahaa. Ulimjibu nini?

---

Mfagiaji_Usiku

Nilisema vyote viwili. Akacheka, akanichorea kwenye karatasi kitu ambacho wakili wangu wa kwanza hakuwahi kunieleza. Majaji wa rufaa wana miwani mitatu, na wanavaa kulingana na unacholalamikia.

Kama ulalamishi wako ni wa sheria, jaji wa chini kasoma kifungu vibaya, wanakiangalia upya kabisa bila kujali yeye aliona nini. Hapo ndipo penye nafasi. Kama ni jambo ambalo sheria imemwachia jaji hiari yake, mfano kukubali au kukataa kielelezo, lazima uoneshe alivuka mipaka ya hiari hiyo. Na kama ni ukweli, nani alisema kweli na nani mwongo, hapo ni mlima. Lazima kosa liwe la wazi kiasi kwamba wakimaliza kusoma wanabaki na uhakika kuwa kuna kitu kimeharibika. Hata ukiwashawishi kwamba kosa lipo, kama wanaona matokeo yangekuwa yale yale, wanakupa pole na hukumu inabaki.

Na hapo sasa niseme la saa nne, ambalo huwa sipendi kulisimulia.

Nilitoa ushahidi kwa mkalimani. Kiingereza nakijua cha kazini, mahakamani niliogopa. Nikaulizwa mashine nilizirudisha lini. Nikasema: "Saa nne usiku." Mkalimani akasema kwa Kiingereza saa nne ile ya kwao, yaani saa kumi yetu ya usiku. Kadi ya mlango wa lile jengo ilikuwa imesoma saa nne na dakika saba usiku, kama nilivyosema! Wakili wa upande wa pili akainuka na karatasi ya kadi: "Bwana huyu anasema alifika alfajiri, mlango unasema aliingia masaa sita kabla ya hapo." Jaji akaandika kwenye hukumu kwamba juu ya suala la mashine ushahidi wangu hauaminiki.

Kwenye mwenendo hakuna neno "saa nne usiku". Kimashine kinarekodi Kiingereza cha mkalimani. Kiswahili changu kilitoka mdomoni kikapotea hewani. Ningesema pale pale "Mheshimiwa, tafsiri si hiyo", ingeandikwa, na pengine ingerekebishwa kabla ya chakula cha mchana. Niliisikia kabisa. Ila nilikuwa nawaza swali linalofuata.

---

ShangaziRukia

Ya Rabi. Mwanangu mmoja alikuwa mkalimani hospitali, kila siku anawaambia wagonjwa dawa ya saa mbili, hadi wauguzi wakamwekea picha ya jua na mwezi ukutani.

---

Wakili_Mtoro

Hiyo ya saa ningeiweka kwenye mafunzo ya mawakili. Sisi tangu sheria ya 2021 ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, tunalalamika kuhusu istilahi, kumbe wenzetu wanaangamia kwa saa ya ukutani.

---

Kipara_Ngoto

Kwa hiyo rufaa ni mchezo wa matajiri na makaratasi. Hakuna anayeshinda.

---

Mfagiaji_Usiku

Wanashinda, ila angalia wanashindaje. Chukua kesi ambayo kila mtu Minneapolis anaijua. Mohamed Noor, askari polisi mwenye asili ya Somalia, Julai 2017 alimpiga risasi Justine Ruszczyk Damond, mama aliyekuwa amewaita polisi mwenyewe. Aprili 2019 juri ikamtia hatiani kwa mauaji ya daraja la tatu na kuua bila kukusudia la daraja la pili, akapewa miezi 150.

Akakata rufaa. 1 Februari 2021 Mahakama ya Rufaa ikamkatalia, majaji wawili kwa mmoja. Akapanda tena. Huko Mahakama ya Juu hupandi kwa haki yako, unaomba ndani ya siku 30 wakubali kukusikiliza, na maombi mengi wanayatupa bila maelezo. Lake wakalipokea, maana lilikuwa na swali la sheria linalogusa wengi: kifungu cha daraja la tatu kinazungumzia mtu mwenye moyo uliopotoka, asiyejali uhai wa watu. Je, kinamhusu aliyemlenga mtu mmoja? 15 Septemba 2021 wakasema hapana, kitendo kikielekezwa kwa mtu mmoja mahususi kifungu hicho hakikai. Daraja la tatu likafutwa, lile la kuua bila kukusudia likabaki, na Oktoba akahukumiwa upya miezi 57.

Hakuna shahidi aliyerudi. Hakuna aliyeuliza tena usiku ule ulikuwaje. Miezi 93 iliondoka kwa tafsiri ya maneno machache ya kifungu.

Halafu kuna mkia wa hadithi. Ile hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya mwezi Februari, kabla haijafutwa, ndiyo iliyowapa waendesha mashtaka nguvu ya kurudisha shtaka la daraja la tatu kwa Derek Chauvin, askari polisi mwingine, Machi 2021, wakati juri ya kesi ya kifo cha George Floyd ikichaguliwa. Chauvin alikutwa na hatia kwa mashtaka yote matatu. Ushindi wa Noor haukumwokoa, kwa sababu kifungo chake kilisimama juu ya mauaji ya daraja la pili. Naye alikata rufaa: Mahakama ya Rufaa ikamkatalia 17 Aprili 2023, Jumatatu kama kawaida yao, Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kumsikiliza Julai, ile ya nchi nzima kule Washington ikakataa Novemba. Hiyo ya Washington unapewa siku 90 kuomba, na lazima uwe na hoja ya katiba au sheria ya nchi nzima. Mkataba wangu wa kapeti hawautaki hata kuuona. Na aliyehukumiwa kwa mauaji ya daraja la kwanza Minnesota anaruka ngazi ya katikati, rufaa yake inakwenda moja kwa moja kwa wale saba.

---

Mzee Kobe

Mwanangu hujasema wewe ulipata nini. Na hela yake jamaa alisubiri?

---

Mfagiaji_Usiku

Mzee wangu, shikamoo. Hakusubiri. Nilidhani ukikata rufaa hukumu inalala. Hailali. Kwenye hukumu ya hela lazima uombe utekelezaji usimamishwe na uweke dhamana, na mimi dhamana ya kiasi kile sikuwa nayo. Juni akaunti yangu ikazuiwa, dola 2,300, siku ambayo pango lilikuwa linatakiwa. Nilikopa kwa shemeji.

Nilichopata: kulikuwa na ankara ya Novemba ya dola 6,200. Imo kwenye kielelezo namba 7, na imo tena kwenye kielelezo namba 12 ikiwa imeandikwa kwa mkono mwingine. Jaji alizijumlisha zote mbili. Wakili wangu wa kwanza, huyo huyo wa "naendelea, Mheshimiwa", aliigusa kwenye majumuisho yake kwa sentensi mbili, ukurasa wa 371. Sentensi mbili zile ndizo zilizoniokoa, kwa sababu hoja ilikuwa imeshatajwa huko chini. Majaji wakaweka vielelezo viwili pembeni kwa pembeni, wakaona. Hukumu yao: meseji hapana, uaminifu wa shahidi hapana, ankara ndiyo. Wakairudisha faili kwa jaji yule yule arekebishe hesabu. Alirekebisha ndani ya wiki tatu, amri ya ukurasa mmoja na nusu, wala hakuonesha kununa.

Hesabu yangu: ada ya kufungua 550, mwenendo 1,900, wakili 9,500. Jumla 11,950. Niliokoa 6,200.

---

Bwana Ngano

Kwa hiyo ulilipa 5,750 ili kushinda.

---

Mfagiaji_Usiku

Ndiyo. Na ungeniuliza ile Jumatatu ya Machi ningekwambia zilikuwa halali yake. Leo sijui.

---

ShangaziRukia

Kaka samahani naingilia, nimesoma uzi wote nikakumbuka la mdogo wangu. Yuko huko huko Minnesota, kaunti nyingine. Mahakama imeamuru ahame nyumba, mwenye nyumba anasema hajalipa, yeye ana risiti na alizionesha mahakamani. Anasema amepumzika kwanza kwa vile ana siku 60 kama ulivyosema.

---

Mfagiaji_Usiku

Shangazi HAPANA. Za kuhamishwa nyumba ni siku 15 tu. Hukumu yake iliingizwa tarehe ngapi? Si aliyoipokea, aliyoingizwa, iko kwenye karatasi.

---

ShangaziRukia

Ngoja nimuulize.

Anasema tarehe 3.

---

Mfagiaji_Usiku

Leo 14. Mwisho wake ni tarehe 18, zimebaki siku nne. Risiti alizionesha tu au zilipokelewa kama vielelezo, zina namba?

---

ShangaziRukia

Zina stika ya njano, namba 3 na namba 4.

---

Mfagiaji_Usiku

Alhamdulillah, basi ana kitu mkononi. Afanye hivi: kesho asubuhi apige simu msaada wa sheria wa kaunti yake, aseme neno "rufaa ya kuhamishwa" mwanzoni kabisa wasimweke kwenye foleni ya kawaida. Aulize fomu ya notisi na ya kusamehewa ada. Na aulize dhamana: akitaka kubaki ndani ya nyumba rufaa ikiendelea atatakiwa kuiweka, na pango la kila mwezi linaendelea kulipwa. Asije akaacha kulipa kwa hasira.

Akitaka mtu wa kumsindikiza aniandikie pembeni, mimi natoka kazini saa kumi na mbili asubuhi. Yetu.

---

ShangaziRukia

Nimemwamsha. Anavaa.

---

Mfagiaji_Usiku

Mwambie arudi alale Shangazi, ofisi zinafunguliwa saa mbili. Aweke tu zile karatasi mlangoni.